Sheria za mbwa Marekani ni jimbo kwa jimbo: yaliyonikuta Pennsylvania, na huko kwenu vipi?

Kibarua_wa_Ghalani (mleta uzi)

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi huu ni wa walioko Marekani au wanaojiandaa kuja, na wana mbwa au wanafikiria kuchukua mbwa. Kama huna habari na mbwa pita taratibu, ila ukikaa utacheka.

Nipo Pennsylvania mwaka wa nane sasa. Napiga zamu ghalani, nimepanga kinyumba chenye kiuwanja nyuma. Mwaka juzi walituvunjia stoo ya uani, wakabeba baiskeli ya mtoto na mashine ya kukatia nyasi. Nikasema hii dawa yake naijua. Nikaenda kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa nikachukua dume moja, mchanganyiko wa Jamani shepadi na sijui nini, miaka mitatu, kifua mlango. Nikampa jina Simba. Msinicheke, hata kwenu Simba yupo.

Mimi nimekulia Tabora. Mzee alikuwa na mbwa watatu: Simba, Popi na Polisi. Ratiba yao haikubadilika hata sikukuu. Alfajiri wanafungwa chini ya mwembe, saa mbili usiku wanafunguliwa walinde. Chakula ni ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, maji kwenye sufuria iliyotoboka pembeni. Hakuna aliyewapiga, na hakuna aliyewahi kuwaingiza ndani. Kwangu mimi huko ndiko kufuga mbwa. Basi na Simba wa huku nikafanya hivyohivyo. Nikanunua mnyororo mzito, ule wa kuvutia gari bovu, nikaufunga kwenye nguzo ya uzio, nikampigia kibanda cha mbao kwa mikono yangu. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa kumi na moja jioni, namkuta palepale.

Januari iliyopita narudi kazini nakuta karatasi imening'inizwa kwenye kitasa. Kesho yake nilikuwa mapumziko, mlango ukagongwa. Jamaa mrefu, beji kifuani, redio kiunoni. Mama watoto akajua ni uhamiaji, akawakusanya watoto wote chumbani. Jamaa akasema amekuja kuhusu mbwa.

Tukazunguka nyuma. Hakuwa mwongeaji. Akachuchumaa kwenye ndoo ya maji, akatoa kalamu mfukoni akagonga juu yake. Ko, ko, kama anayegonga meza. Maji yote yalikuwa barafu, na katikati ya ile barafu palikuwa na kibonde laini, kimelambwa. Simba alikuwa anatafuta maji kwa ulimi. Wakuu, kile kibonde ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, maneno yakaisha.

Halafu akatoa futi, kama ya fundi seremala, akapima mnyororo. Futi saba. Akaunyanyua mkononi kama anayepima uzito wa samaki, akautazama, akanitazama mimi.

Sasa sheria yenyewe, nilivyoelezwa na nilivyoisoma baadaye. Huku wanaiita Sheria ya Libre. Libre ni kitoto cha mbwa aina ya Boston terrier kilichookolewa mwaka 2016 kwenye shamba moja Lancaster County, ngozi imeliwa na upele, mifupa mitupu, kimebakiza pumzi. Dereva wa kupeleka mizigo ndiye aliyekiona. Watu wakachachamaa, na Juni 2017 gavana Tom Wolf akatia saini sheria mpya ya ukatili kwa wanyama ya jimbo zima. Libre mwenyewe, ameshanenepa, alihudhuria.

Kuhusu kumfunga mbwa nje bila mtu kuwa naye:
- isizidi saa 9 ndani ya saa 24;
- kamba iwe mara tatu ya urefu wa mbwa au futi 10, kipi kirefu;
- iwe imefungwa kwenye mkanda wa shingo unaomkaa vizuri, kwa kiungo kinachozunguka ili asijinyonge;
- awe na maji ya kunywa na kivuli;
- joto likizidi nyuzi 90 za Fahrenheit au likishuka chini ya 32, mwisho dakika 30.

Ile ya mwisho ina njia yake ya kuikumbuka, nimeigundua mwenyewe. 32 za Fahrenheit ni sifuri ya kwetu, maji yanaganda. Na 90 za Fahrenheit ni kama 32 za kwetu. Kwa hiyo shika 32 tu, moja ya kwao, moja ya kwetu. Halafu fikiria: 32 za kwetu ndiyo Dar ya Januari saa saba mchana. Kwa kipimo cha huku, mbwa wa Mbagala nzima wanatakiwa wawe ndani.

Mnyororo wa kuvutia gari umetajwa kwa jina lake kwamba haufai. Mimi niliuchagua kwa sababu ni imara!

Jamaa hakunipiga faini. Alinipa onyo la maandishi na siku kadhaa za kurekebisha, akasema angekuta kidonda shingoni tungekuwa tunaongea mengine. Wakati anaondoka akauliza, "Leseni?" Nikampa ya udereva. Akaitazama, akanirudishia, akasema anaulizia ya mbwa.

Huku kila mbwa akitimiza miezi mitatu anakatiwa leseni ya jimbo. Unaenda kwa mhazini wa kaunti, dola 8.70 kwa mwaka, anapewa kibati chenye namba avae shingoni. Ukikamatwa huna, faini inaanzia dola 100 hadi 500 kwa kila mbwa. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, cheti unatunza.

Haya, huko kwenu wakuu? Nasikia kila jimbo na lake.

---

mpiga_debe_mstaafu

Mkuu umenivunja mbavu, eti nikampa ya udereva 😂 Ila swali: nani alikuchoma? Usiniambie Simba mwenyewe.

---

Kibarua_wa_Ghalani

Bibi wa nyumba ya jirani, naamini. Yule anayetuletea keki kila Krismasi. Sijamuuliza na sitamuuliza. Keki bado zinakuja.

---

mkalimani_wa_korti

Mleta uzi umeeleza vizuri ila niongezee kitu, maana nimekalia hizi kesi kama mkalimani hapahapa Pennsylvania, na watu wanakosea palepale.

Ile orodha ya saa 9 na futi 10 si marufuku ya moja kwa moja. Sheria inajenga dhana. Ukitimiza masharti yote, inachukuliwa kwamba hukumtelekeza mbwa, na anayekushtaki ndiye abebe mzigo wa kuonyesha vinginevyo. Kinyume chake, ukikutwa na dalili fulani (vidonda vya wazi mwilini, kinyesi kimejaa anapofungiwa, mnyororo wa kuvutia gari, mkanda wa kukaba au wenye meno) dhana inakugeukia, na mzigo unakuwa wako. Ndiyo maana jamaa alipima, akagonga barafu, akautazama mnyororo. Hakuwa anatalii, alikuwa anakusanya vielelezo.

Pili, makosa yako ngazi tatu. Kutelekeza ndilo dogo, ingawa hata hilo linaweza kukulaza ndani siku 90. Ukatili wa kumjeruhi mnyama au kuhatarisha uhai wake unafika miaka 2 na faini hadi dola 5,000. Ukatili wa kupindukia, mateso au kutelekeza mpaka mnyama akaumia vibaya au akafa, hilo ni jinai kubwa: hadi miaka 7 na dola 15,000. Kabla ya 2017 mambo mengi ya hapo yalikuwa yanaishia kwenye faini ndogo tu.

Na kwa ndugu zetu ambao karatasi zao bado ziko njiani: usiende kukiri kosa lolote kwa hakimu wa wilaya eti uwahi kazini, kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji. Nimeona mtu anasema "nakubali, nilipe niondoke", na mimi nipo pale natafsiri, siruhusiwi kumwambia neno.

---

kijana_wa_Kinyerezi

Huyo aliyekuja ni polisi au bwana nani? Huku tuna bwana shamba, bwana mifugo, bwana afya. Huko kuna bwana mbwa?

---

mkalimani_wa_korti

Umeuliza la maana kuliko unavyodhani. Wako wawili.

Bwana mbwa halisi ni mtumishi wa Wizara ya Kilimo ya jimbo. Huyo kazi yake ni leseni, chanjo, mbwa wanaozurura, mabanda ya wafugaji wakubwa. Mwingine ndiye aliyemtembelea mleta uzi: askari wa chama cha kutetea wanyama. Halipwi na serikali. Ameajiriwa na chama binafsi, kinaishi kwa michango, lakini ameteuliwa na kuapishwa mahakamani na ana mamlaka ya polisi kwa makosa ya ukatili kwa wanyama peke yake. Anaweza kukuandikia mashtaka. Kuingia ndani mwako bila ridhaa yako anahitaji hati ya hakimu, kama polisi mwingine yeyote. Kwa hiyo alipokuuliza leseni hakuwa anafanya kazi yake, alikuwa anakufanyia hisani.

---

Gikomba_hadi_Dallas

Niaje watu wangu. Mimi Mkenya, niko Texas. Huku stori ya mnyororo ilikuwa vita ya kisiasa.

Zamani sheria ya Texas ilisema askari akikuta mbwa amefungwa vibaya, lazima akupe ilani kwanza na asubiri saa 24 ndio achukue hatua. Sasa jua la hapa Agosti, hizo saa 24 mbwa si amekufa tayari? Bunge likapitisha sheria ya kufuta hiyo kitu mwaka 2021, gavana Abbott akaikataa mwezi wa Juni. Weh! Watu walimkasirikia kuliko walivyomkasirikia wakati stima ilipotea kwa baridi ile ya Februari. Wakaipitisha tena kwa kikao maalum, na hiyo mara akasaini. Imeanza kazi tarehe 18 Januari 2022. Minyororo imepigwa marufuku, uzito wa kuning'iniza shingoni pia. Kamba lazima iwe mara tano ya urefu wa mbwa ama futi 10, ile ndefu zaidi. Mbwa apewe kivuli, maji, na kibanda cha kumkinga.

Kwa kuumwa nayo tuko tofauti na wengi. Hapa bado mtu hufuata ile kanuni ya "umo la kwanza". Mbwa wako akiuma mtu, huyo mtu ili akulipishe bila kuthibitisha uzembe wako, lazima aonyeshe ulijua mbwa ni mkali, labda alishawahi kuuma. Ndio maana jirani yangu kila mtu akimuuliza anasema "hajawahi kuuma mtu". Anasema hivyo kama anakariri.

---

dada_wa_Sacramento

Huku California hakuna cha la kwanza wala la pili. Mbwa wako akimng'ata mtu barabarani, au nyumbani kwako akiwa amekaribishwa, unalipa. Hata kama alikuwa malaika miaka kumi. Ulijua, hukujua, haijalishi. Mimi nilinunua bima ya nyumba kwanza, mbwa baadaye, na kampuni iliniuliza aina ya mbwa kabla ya kuniuliza jina la mume.

Tena tangu 2019 duka la wanyama huku haliruhusiwi kuuza watoto wa mbwa wa kiwandani. Mwanzo akiuza, ilibidi awe ametoka kwenye kituo cha waliookolewa, na tangu 2021 duka haliuzi mbwa kabisa. Na mwaka huohuo jaji wa talaka akapewa ruhusa ya kuangalia mbwa akae na nani kwa kuzingatia anavyotunzwa, badala ya kumgawa kama sofa. Alaska ndio walianza 2017.

---

mpiga_debe_mstaafu

Mbwa anauliziwa akae na nani 😂😂 Mimi nilipoachana na mama Zuhura hakuna aliyeuliza hata mimi nikae wapi.

---

Mzalendo_Halisi

Niseme ukweli hata kama nitachukiwa. Hawa watu wanapenda mbwa kuliko binadamu. Mtu analala kwenye boksi Philadelphia, theluji inamwagukia, hakuna afisa anayekuja na futi. Mbwa akikaa nje dakika 31 ni kesi. Na nyie mnasifia.

---

mwalimu_Chambo

Mzalendo, hoja yako ina ukweli kuliko unavyoijua, na historia yao wenyewe inakupa silaha.

Mwaka 1866 New York bwana mmoja anaitwa Henry Bergh alianzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Alikuwa anasimamisha mabehewa barabarani akitetea farasi, magazeti yanamcheka. Mwaka 1874 akaletewa habari za mtoto wa kike, Mary Ellen Wilson, anayepigwa na kufungiwa ndani na mlezi wake. Mama mmoja mhisani alikuwa amezunguka kote hajapata wa kumsaidia. Bergh na mwanasheria wake Elbridge Gerry wakaifikisha kesi mahakamani, mtoto akatolewa, mlezi akafungwa. Kutokana na kesi hiyo ndipo kikazaliwa chama cha kuzuia ukatili kwa watoto. Yaani cha wanyama kilitangulia cha watoto kwa miaka minane.

Unaweza kusema "mnaona, mbwa kwanza!" Na utakuwa sahihi. Ila pia utakuwa umesahau kwamba aliyezoea kugonga milango kwa ajili ya farasi ndiye aliyeugonga na ule wa Mary Ellen.

Na hii si mambo ya hippi wa juzi. Mwaka 1641 walowezi wa Massachusetts, watu wa dini wagumu kweli, waliandika kwenye sheria zao kwamba mtu asiwatendee ukatili wanyama wanaofugwa kwa matumizi ya binadamu.

---

Mzalendo_Halisi

Nimekuelewa mwalimu. Bado wa kwenye boksi yuko palepale.

---

mwalimu_Chambo

Yuko. Sina jibu la hilo.

---

fundi_viyoyozi_VA

Hakuna aliyemtaja Michael Vick? Mimi niko Virginia, hapa ndipo pake. 2007, mrusha mpira nyota wa futiboli ya Kimarekani, mkataba wa mamilioni, kumbe kwenye mali yake huko Surry County kuna kambi ya mbwa wa kupiganisha. Mbwa walioshindwa waliuawa kwa namna ambazo siandiki hapa, kuna watu wanakula. Alihukumiwa miezi 23 jela ya shirikisho, na jaji akamwamuru atoe karibu dola milioni moja za kuwatunza mbwa waliosalia.

Hilo la mwisho ndilo jipya. Zamani mbwa waliokamatwa kwenye mapigano walikuwa wanauawa tu kama vielelezo vibovu. Hawa walipimwa mmoja mmoja, wengi wakaenda kwa familia au kwenye makimbilio. Mwaka uliofuata, 2008, Idaho na Wyoming ndiyo majimbo ya mwisho kuyafanya mapigano ya mbwa kuwa jinai kubwa, sasa yote 50 ni hivyo. Ukatili mkubwa usio wa mapigano ulichelewa zaidi, South Dakota walifunga mlango 2014. Na tangu 2019 kuna sheria ya taifa zima juu ya mateso makali kwa wanyama, miaka hadi 7.

Sisemi amesamehewa au hajasamehewa. Alirudi uwanjani akacheza. Kijiweni kwetu hapa mada hiyo haiishi.

---

Bi_Mkunazini

Assalaam alaykum. Miye mtu wa Unguja, naishi Columbus, Ohio, mume wangu anaendesha teksi. Sisi mbwa nyumbani hatuna na hatutakuwa naye, lakini sheria ya mbwa imetufuata huko huko garini.

Abiria kipofu anakuja na mbwa wake wa kumuongoza. Mume wangu siku za mwanzo alikuwa anasita, mate ya mbwa ni najisi, gari hilohilo linampeleka msikitini. Akaambiwa na wenzake: ukimkataa umekiuka sheria ya taifa ya watu wenye ulemavu, na dini yako si udhuru. Una ruhusa ya kuuliza mambo mawili tu. Mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefunzwa kufanya kazi gani? Basi. Usidai cheti, maana hakuna cheti kinachotakiwa. Usiulize ugonjwa wake. Usitoze pesa zaidi.

Alimuuliza sheikh. Sheikh akamwambia mchukue mtu, tandika shuka nyuma, pakiingia mate osha. Na akamkumbusha hadithi ya yule aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Sasa buti la gari letu lina shuka la mbwa, limekunjwa vizuri kuliko mashuka yangu ya kitandani.

---

Kibarua_wa_Ghalani

Bi Mkunazini umenigusa na hiyo ya kiatu. Nimewaza ile ndoo.

---

Temeke_Mikoroshini

Naomba kujua. Kijana wangu yuko huko Maryland, anataka nimtumie mtoto wa mbwa, mama yake ni mkali ajabu, nimeshamtengea mmoja, ana miezi miwili. Napandisha tu ndege?

---

dada_wa_Sacramento

Mzee shikamoo. Usipandishe. Tangu Agosti 2024 mbwa hapokelewi Marekani kama hajatimiza miezi 6. Awe na chipu chini ya ngozi, na fomu ijazwe mtandaoni kabla ya safari. Halafu Tanzania iko kwenye orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na Kenya pia, kwa hiyo mbwa aliyechanjwa huko anahitaji fomu ya chanjo iliyothibitishwa na daktari wa mifugo wa serikali, na ashukie kwenye uwanja wa ndege wenye kituo kilichosajiliwa, kwa miadi iliyolipiwa. Asipokuwa na kipimo cha damu kinachokubalika anawekwa karantini siku 28, kwa gharama yenu. Kijana aende kituo cha huko Maryland achukue mwenye njaa. Huyo mkali wako akulindie nyumba.

---

Temeke_Mikoroshini

Marahaba binti. Kumbe viza ya mbwa ni ngumu kuliko ya kwangu waliyoninyima.

---

kijana_wa_Kinyerezi

Na sisi tuna sheria au ni kichapo tu?

---

mwalimu_Chambo

Tunayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Kenya wanayo ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, kongwe kuliko uhuru wao. Zimeandikwa vizuri tu. Tofauti ni kwamba huku kwetu hakuna mwenye futi.

---

Gikomba_hadi_Dallas

Swali kwa mleta uzi kabla uzi haujafungwa. Kwa gari je? Hapa juzi mtu alivunja kioo cha gari Walmart akatoa mbwa, mwenye gari akaja na fujo.

---

mkalimani_wa_korti

Nijibu mimi kwa Pennsylvania. Tangu 2018 wanaoruhusiwa kuvunja kioo ni polisi, askari wa wanyama na waokoaji wa dharura. Mpita njia hana kinga hiyo, apige simu 911 asimame pembeni. California ni tofauti, mpita njia anaruhusiwa tangu 2017, kwa masharti: milango imefungwa, ameshapiga simu kwa mamlaka, na abaki na mbwa mpaka wafike. Florida nao wanaruhusu. Kwa hiyo kabla hujavunja kioo jiulize umesimama jimbo gani.

---

mpiga_debe_mstaafu

Tunasubiri mrejesho wa Simba. Usitutoroke.

---

Kibarua_wa_Ghalani

Mrejesho wakuu.

Jamaa alirudi siku alizosema. Nilikuwa nimenunua kebo nyepesi iliyopakwa plastiki, na kiungo cha kuzunguka kwenye ncha zote mbili. Simba nilimpima kwa futi ya mama watoto ya kushonea, alikuwa ananilamba sikio muda wote. Futi tatu na inchi sita. Mara tatu ni futi kumi na nusu, kwa hiyo ile futi 10 ya kwenye sheria haikunitosha, nikaweka 12. Ndoo nimenunua ya umeme, ina waya chini maji hayagandi. Leseni nimemkatia, namba imegongwa kwenye kibati, anapokimbia kinalia kama njuga.

Jamaa akapima, akaandika, akafunga daftari. Nikamuuliza swali lililokuwa linanikereketa: zamu yangu ukiweka na njia ni saa 12, na sheria ni saa 9. Hata kebo ingekuwa ya dhahabu bado nimezidisha. Akasema hapo mimi mwenyewe nichague. Mtoto wangu wa kwanza, ana miaka kumi na moja, akadakia kutoka dirishani, "Akae ndani."

Nilikataa siku mbili. Mama watoto alikataa wiki nzima, alikuwa anasema tutaanza kula na mbwa. Siku ya nane joto lilishuka mpaka nyuzi 9, za kwao. Nikasema kwa baridi hii mwisho wake ni dakika thelathini, nikatoka nje na tochi, nikamfungua.

Sasa hivi naandika hapa, amelala kwenye zulia la sebuleni mbele ya kipasha joto, mgongo kaupa mlango anaotakiwa kuulinda. Kebo ipo nje, futi 12, imejikunja kwenye theluji.